Bei ya Mchele Nyuma ya Bahasha

Kombo aliitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaiweka mezani, akanisukumia kwa kidole kimoja. Tulikuwa kwenye mgahawa wa nyumba ya wageni aliyofikia, Kariakoo, saa nne asubuhi, na chai yake ilikuwa haijaguswa. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na mitano. Ndevu zake zilikuwa zimekuwa nyeupe, na alikuwa na tabia mpya ya kukaa akitazama mlango. "Popo amefariki," akasema. "Mjukuu wake alinitafuta kupitia watu wetu wa Mombasa walioko bado kule Guangzhou. Akatuma hii. Ni yako, Mwalimu." Mtu wa meza ya pili aligeuka kututazama, na simlaumu. Popo kwa Kiswahili ni yule mnyama anayening'inia darini, na kifo chake si habari ya mtu kusafiri nayo kutoka Mombasa.

Niliitambua bahasha kabla sijaigusa. Ilikuwa ya kahawia, yenye picha ya mtoto aliyevaa ovaroli, alama ya duka moja la nguo za watoto katika masoko ya jumla ya Shahe. Mimi mwenyewe niliifunga kwa gundi, mwaka wa michezo mikubwa ya Beijing, na gundi ile ilikuwa bado imeshika. Sikuifungua. Niliinua tu nikainusa, nikasikia harufu ya maganda makavu ya machungwa, na kwa dakika kadhaa sikuwa tena Kariakoo. Nilikuwa ghorofa ya nne, Guangzhou, katika uchochoro wa nyuma ya Xiaobei, mahali ambapo nyumba zimesogeleana kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unagusa nondo za dirisha la jirani, na mchana unawasha taa ili uone unachokula.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, jiko la umeme la wali, mswala wa Kombo ukiwa umekunjwa juu ya sanduku lake, na daftari zangu. Mimi shule niliishia darasa la saba. Mengine yote niliyoyajua nilijifunza kwa kamusi na daftari, na Kichina nilikuwa nakifuata kwa njia hiyo hiyo, maneno kumi kwa siku, nikiyarudia siku ya tatu na ya saba. Ndiyo maana Kombo aliniita Mwalimu, kwanza kwa kunidhihaki, baadaye kwa mazoea. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa mtunza ghala wa kiwanda cha vitambaa hadi alipostaafu. Majirani walimwita Popo, na kwa watu wa kule ndivyo anavyoitwa bibi mzee. Wiki ya kwanza Kombo alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mwalimu, sisi leo wapangaji wa popo. Usiku tukilala yeye yuwaamka." Bibi akataka kujua kinachochekesha. Nilimchorea popo kwenye daftari, mabawa na yote, nikaogopa atakasirika. Alifurahi. Kwa lugha yao jina la mnyama yule linasikika kama neno la heri, na watu wa kale walimchonga kwenye milango. Alichukua ukurasa ule akaubandika jikoni kwake.

Kodi aliipanga kwa namna ambayo sijaiona mahali pengine. Kwenye mkataba uliopelekwa kituo cha polisi iliandikwa yuani, kama sheria ilivyotaka. Baada ya hapo alifunga mlango, akatuambia anachotaka hasa: kila tarehe mosi, gunia la mchele wa aina aliyoitaja, dumu la mafuta, na kipande cha kitambaa cha pamba. "Zamani kulikuwa na makaa pia," alisema. "Sasa napikia gesi, makaa nimeyafuta. Kiasi hakibadiliki. Bei ikipanda ni shida yenu, ikishuka ni bahati yenu." Kombo aliposikia tafsiri yangu alishika kiuno. "Huyu bibi atufanya wapagazi." Na kweli tulikuwa wapagazi. Kila mwezi tulipandisha gunia ghorofa nne, naye alilifungua, akapima kwa kibaba chake cha mwanzi, kimoja kimoja, akisawazisha juu kwa kijiti. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Mimi mtu wa vipimo niliuheshimu, lakini sikuuliza asili yake, na hilo ni kosa ninalolifanya sana: nikishaona jambo lina utaratibu, naridhika.

Juu ya paa alianika maganda ya machungwa kwenye nyungo. Akishayakausha aliyafungia kwenye makopo yenye mwaka ulioandikwa kwa rangi nyekundu, mengine ya kabla hatujazaliwa. Alinieleza siku moja kwamba ganda likizeeka bei yake hupanda, ni dawa, ni kiungo, na kwamba hajawahi kuona noti inayofanya hivyo. Jumapili, nikitoka kusali na Kombo akiwa ameshaamka usingizi wa mchana, alituita kwa uji wa mchele na yai la chumvi. Mara moja tulimrudishia kwa ugali wa unga tulioupata kwa Mkongo mmoja. Aliubonyeza kwa kijiti cha kulia, akausikiliza kama mtu anayegonga ukuta, akauliza utaiva lini.

Mwaka ule ndio viza zilianza kubanwa. Polisi walikuja asubuhi, wawili au watatu, na tulizijua hatua zao kwa mlio wa redio zao za mkononi kwenye ngazi. Walikagua pasipoti, wakaangalia tarehe, wakashuka. Viza yangu na ya Kombo zilikuwa zinaisha mwezi ule ule, yake siku tano kabla ya yangu. Nilipokwenda kuongeza muda, karani alinirudishia fomu bila kuisoma. Nirudi kwetu, nikaombe upya huko. Nilikuwa na siku kumi na tisa. Na mtaji wangu wote, wa miaka sita ya duka dogo Tabora, ulikuwa kwenye oda ya nguo za watoto kwa mwanamama mmoja wa Shahe, aliyesema zitakuwa tayari baada ya siku thelathini. Nikiondoka, nani angesimamia mzigo mpaka uingie kontena bandarini Huangpu? Nikibaki hata siku moja baada ya tarehe, ningekamatwa, nirudishwe kwa nguvu, nipoteze mzigo na njia ya kurudi kuuulizia.

Ngazini hapakuwa na mazungumzo mengine. Watu waliosimama na mifuko yao ya plastiki waliambiana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Sheng ya Nairobi, jambo lile lile. "Baada ya michezo watalegeza." "Mimi nimeambiwa na wakala, ni mpaka mwezi wa tisa tu." "Mabosi wa Shahe wenyewe wanalia, hakuna wateja. Lazima walegeze." Niliyaandika yote. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, upande huu sababu za kubaki, upande huu za kuondoka, na kila jioni niliongeza nilichosikia na jina la aliyesema, ili nipime uzito wa kila neno. Siku kumi na tatu zilikwisha hivyo. Leo nikilitazama daftari lile naona kazi safi sana, mwandiko mzuri, na mtu anayezama.

Zilikuwa zimebaki siku sita, na kwa Kombo moja, aliporudi kutoka Shahe amechangamka. Tulikuwa jikoni kwa Popo, mimi namenya vitunguu saumu. Kombo alichomoa noti mpya aliyopewa na mfanyabiashara wa Zimbabwe kama mzaha. "Leo mimi tajiri kuliko nyinyi nyote," akasema. "Bilioni mia. Popo, shika, kodi ya maisha. Usinirudishie chenji."

Popo alifuta mikono, akavaa miwani, akahesabu sifuri kwa ukucha. Hakucheka. "Inanunua nini?" akaniuliza.

"Anauliza inanunua nini," nikamwambia Kombo kwa Kiswahili.

"Yule jamaa asema ilipotoka ilinunua mayai matatu. Sasa hivi hajui. Yuko huku, atajuaje?"

Nilitafsiri. Bibi akazima jiko, uji ukiwa haujaiva, akakaa. Noti aliiweka juu ya goti, akawa anailainisha kwa kiganja. Nitaeleza aliyosema kwa mpangilio, ingawa yeye aliyasema kwa kurudi nyuma na mbele, na mimi nilisimama mara nyingi kumtafsiria Kombo.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi na kidogo katika jiji hilo hilo. Baba yake alikuwa karani wa duka la hariri, mtu makini, ambaye hakuwahi kukosea hesabu. Serikali ya zamani ilikuwa inashindwa vita, na pesa yake ilikuwa inaoza. Baba akauza nyumba yao ili wahamie mahali salama zaidi. Alilipwa noti, magunia manne. Watu walikuwa na tabia ya kupunguza noti kwenye mafungu, kwa hiyo baba alikaa sakafuni akahesabu. Alihesabu siku mbili. "Hesabu ilikuwa sawa," Popo alisema. "Haikupungua hata noti moja. Alipoanza kuhesabu ilikuwa nyumba. Alipomaliza ilikuwa baiskeli. Alipofika dukani ilikuwa tairi la baiskeli."

Kisha mapinduzi yakaja, jeshi la wakomunisti likaingia mjini, na pesa mpya. Watu walitaka kuamini, lakini kipindi cha baridi cha mwaka ule nayo ilishuka, wiki hadi wiki, ndiyo sababu mishahara na akiba zilianza kuandikwa kwa kipimo: mchele kiasi fulani, mafuta, makaa, kitambaa. Gazeti lilitangaza thamani ya kipimo kile kama linavyotangaza hali ya hewa. Kwa mtoto yule, pesa ikawa ni vitu vinne hivyo. Karatasi ilikuwa kivuli chake tu. Baba naye alikuwa ameshajifunza. Safari hii hakungoja. Alinunua mchele kwa bei yoyote, akajaza chumba walichopanga, watoto wakalala juu ya magunia. Ilipofika majira ya kuchipua, bei zikasimama. Halafu mchele ukashuka. Majirani wakamwambia auze. Akasema ni mtego. Wiki iliyofuata ukashuka tena, akasema ndiyo hivyo mtego ulivyo. "Tulikula mchele wenye wadudu miaka miwili," alisema. "Mama aliumwaga kwenye ungo, sisi tunachagua wadudu, kuku wa jirani wananenepa."

"Mara ya kwanza aliamini sana," nikasema. "Mara ya pili akakataa kuamini."

"Hapana," akasema. "Hiyo ni hesabu ya watu wanaosoma vitabu. Mara zote mbili alikuwa anatafuta uhakika."

Kombo alitaka kujua nimeambiwa nini. Nikamwambia. Akasema, "Haya, basi muulize. Sisi tukae au tuende? Yeye aliyeona mengi." Nikamuuliza Popo kwa maneno hayo hayo. Alikunja ile noti mara nne, akamrudishia Kombo.

"Sijui watalegeza au hawatalegeza. Baba yangu alihangaika kwa sababu siku ya kuanguka haikuandikwa mahali. Nyinyi mna bahati. Yenu imeandikwa kwenye pasipoti." Akawasha jiko tena. "Nyumba hii niliwaandikisha polisi kwa mkono wangu. Mtu akipitisha tarehe, hawezi kulala hapa. Nasema mapema ili tusigombane."

Asubuhi iliyofuata Kombo alifunga mzigo wake. Alikuwa amepata nafasi kwa Wakenya wenzake, vyumba viwili watu tisa, upande wa pili wa barabara kuu. Nilimsindikiza hadi ngazi ya chini. "Wewe waiogopa tarehe," akaniambia. "Mimi nachoogopa ni kushuka Mombasa mikono mitupu, watu wakinitazama. Nitangoja, Mwalimu. Mwezi mmoja tu. Wakilegeza nitakutumia salamu, utajuta." Popo alimpa kopo dogo la maganda. Hakumkataza. Alisimama mlangoni mpaka sauti ya viatu ilipokwisha, akapanda paani kugeuza nyungo zake.

Mimi nilichana ule ukurasa wenye mstari katikati. Si ushujaa, nilichoka tu. Nilikwenda Shahe, nikamwomba yule mwanamama nguo zikiwa tayari azipeleke kwa Popo, na wakala wa mizigo azichukue hapo. Aliandika anwani bila kuinua macho, kama mtu aliyesikia maombi hayo mara nyingi wiki ile. Chumba kilihitaji kubaki wazi miezi mitatu, kwa ajili ya marobota. Hiyo ilikuwa kodi ya miezi mitatu: magunia matatu, madumu matatu, vitambaa vitatu. Sikuwa na muda wa kwenda soko la nafaka. Nilichukua bahasha juu ya kaunta ya duka, nikaweka noti za yuani, nikaifunga.

Popo alikuwa anasuka uzi wa miwani yake uliokatika. "Mchele uko wapi?" akauliza.

"Popo, ndege ni kesho. Sikuweza. Nimeleta hii."

Aliitazama muda mrefu. Katika mwaka mzima sikuwahi kumwona akipokea karatasi kutoka mkononi mwetu. Nilikuwa tayari kukimbilia sokoni, giza au mvua. Kisha akaichukua, akafungua droo iliyokuwa na makopo, akailaza juu yake, akafunga.

"Hesabu kwanza," nikamwambia. Kwangu huo ulikuwa ni uungwana.

"Baba yangu alihesabu," akasema, akarudi kwenye uzi wake.

Mzigo wangu ulifika Dar es Salaam. Marobota mawili yalipungua na zipu za suruali nyingi hazikuwa rangi niliyoagiza. Sikutajirika. Nilipata mtaji wa kuanza tena, nikarudi Tabora nikaanza tena. Kwenye karatasi za wakala, mahali pa aliyekabidhi mzigo, palikuwa na sahihi ya herufi tatu za Kichina, zilizoandikwa pole pole. Mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa amesimamia watu wa mikokoteni wakishusha marobota ghorofa nne, zile zile ambazo sisi vijana tulilalamika kupandisha gunia moja. Nilirudi China mara tatu baadaye, lakini biashara ilikuwa imehamia mji wa Yiwu, na kila mara nilijiambia kwamba Guangzhou ni safari ijayo. Sina maelezo mengine.

"Hawakulegeza," Kombo alisema mgahawani, akikoroga chai iliyopoa. "Michezo ikaisha, wakazidisha. Walitukuta watu wanane bafuni, Mwalimu. Wanane. Mmoja ameshika ndoo, ajifanya anafua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. Walimweka ndani wiki tatu, wakampandisha ndege, wakampiga marufuku kurudi miaka mitano. Mombasa alishuka mikono mitupu na watu walimtazama, kama alivyojua watafanya. Sasa ana kiduka cha simu, anaishi. Hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikutaka aseme. Kama wangelegeza, angekuwa yeye aliyenunua nyumba na mimi mwoga niliyekimbia. Tofauti yetu ilikuwa siku ambayo kila mmoja alichoka kungoja.

"Igeuze," akasema.

Niligeuza bahasha. Nyuma kulikuwa na mistari, mmoja chini ya mwingine, kwa kalamu tofauti. Wa kwanza ulikuwa na tarehe ya siku niliyoondoka, na bei ya nusu kilo ya mchele, ule wa aina aliyoitaka. Chini yake, tarehe hiyo hiyo mwaka uliofuata, na bei. Chini yake tena. Mistari kumi na mitano. Ile ya mwanzo imenyooka kama ya mtunza ghala. Ya mwisho inashuka kulia, na namba moja imerudiwa juu ya nyingine. Kila mwaka alikuwa ameitoa bahasha kwenye droo, akashuka ghorofa nne, akaenda sokoni kuuliza. Bei zilipanda kidogo kidogo. Hakuna mahali ziliporuka.

"Sasa niambie," Kombo akasema. "Alikuamini ama hakukuamini? Maana pesa hakuitumia, na bibi yule hakuwa na kitu."

Nilifikiri kabla ya kujibu, kama ilivyo kawaida yangu, na sikuridhika na jibu. "Kila mwaka aliipa mwaka mmoja zaidi," nikasema.

Kombo alitazama mlango. Tuliagana mchana, kila mtu akimwahidi mwenzake kwamba atapiga simu. Nikielekea kituo cha mabasi nilipita kwenye maduka ya nafaka, nikasimama mbele ya gunia lililofunguliwa, nikauliza bei ya kilo. Kijana wa duka akanitajia. Nikatoa kalamu, nikaweka bahasha juu ya mzani wake, nikaandika tarehe ya siku ile, na bei, kwa shilingi, chini ya mstari wake wa mwisho.

"Mzee," akasema, "unanunua au unaandika tu?"

"Nipimie kilo mbili," nikamwambia.